Daftari la Maziwa

Kijiji chetu kinaitwa Maziwa Ng'ombe,
na ng'ombe sina.
Nina mbuzi watano, kibaba cha bati kilichobonyea ubavu,
na Raya, mwanangu, mwenye daftari la hesabu
na kalamu aliyoifunga uzi shingoni.

"Mama, tusikisie," anasema. "Tupime."

Basi tunapima.

Kidoti nimemfunga kule maweni,
kamba dhiraa sita.
Anazunguka tangu jua la asubuhi,
ananyoa duara lake mpaka linabaki jiwe,
na nje ya duara, hatua moja tu,
majani yanampungia.
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake:
watu husema hivyo wakicheka, wakisengenya wakubwa.
Raya hakucheka. Aliandika:
*Kidoti. Kamba. Robo kibaba.*
Na siku ya jua kali:
"Matone, mama. Matone nayaandikaje?"

Mashavu tulimwachia.
Masika yale alirudi kiwele kimevimba kwa majani mapya,
lakini wanawe wawili walishamaliza njiani,
midomo yao ina povu;
mimi nikaambulia walichosahau.
Halafu akala muhogo wa Bi Saumu, mashina kumi na moja.
Tukaitwa kwa sheha,
na maziwa ya miezi miwili
yakalipa majani ya alasiri moja.
Raya akaandika pembeni: *Huru. Kwa gharama ya nani?*
Nikamwambia, hiyo si hesabu.
Akasema, ndiyo hesabu yenyewe.

(Kwa Faki tuliazima kondoo, siku moja, kwa kudadisi.
Kondoo! Watu walicheka hadi kisimani.
Yakatoka mazito kama tui la kwanza,
yakafunika kutu ya chini ya kibaba, basi.
Raya ameyaandika nayo.)

Shombe yuko juu ya kichanja,
miti ya mivinje, paa la makuti, upepo unapita chini.
Raya humkatia mlonge na lukina,
humchanganyia pumba za mpunga na chumvi kidogo,
ndoo ya maji asubuhi, ndoo ya maji jioni,
maji yale yale tunayojitwika sisi.
Wanawe tunawatenga baada ya Isha.
Wanalia. Ng'ambo ya fito mama yao anaitika,
na mimi kitandani nageuka ubavu.
Alfajiri: kibaba kizima,
na cha pili kikafika kwenye lile bonyeo.
Kisha wanawe wakafunguliwa, wakapiga magoti, wakanyonya,
na bado walipata.

Raya, mwaka uliozaliwa wewe
nilikuwa napasua kokoto.
Nyundo mkononi, wewe ndani ya kanga
kwenye kivuli cha rundo la mawe;
kivuli kikihama, nakusogeza.
Maji nilikunywa nilipokumbuka.
Ulivuta, ukavuta, ukaniachia, ukalia.
Bibi yako akatazama, akasema:
ziwa la huyu halina baraka.
Nikamwamini.
Miaka kumi na minne nimemwamini,
sikumjibu hata alipokufa.

Leo umenipa daftari nikushikie, ufunge mlango wa banda.
Kuna safu ya mwisho, umeipa jina *Sababu*.
Mbele ya Kidoti umeandika, kwa mwandiko wako wa kuinama:
*jua, kiu, kamba fupi.*
Hukuandika baraka.
Nilisoma mara mbili. Nikasoma tena,
kidole changu chini ya kila neno kama mtoto wa chuoni.

"Mama, unalia?"
Pumba, nikasema. Pumba zimeniingia.

Jioni nilikwenda maweni.
Kigingi kilinigomea, nikakipiga teke, kikang'oka.
Kidoti hakutoka ndani ya duara lake,
alisimama ukingoni, ananitazama,
mpaka nikamvuta sikio.
Nilimtilia maji. Lakini kwanza nilikunywa mimi,
kata nzima, kisha ya pili, nimesimama,
yakinichuruzika kidevuni.

Kesho tutapima. Sijui kama yatafika nusu.
Raya ameshaandika tarehe.