Boya Nambari Saba

Kila Alhamisi ya pili, mvua ya Galisia ikiridhia,
nalinyoa boya ndevu.
Mwani, kome wachanga, vijigamba vyenye meno,
vimeng'ang'ania chuma kama wadai mlangoni.
Chini ya tumbo lake kuna vihisi vitano,
vinene kama dole gumba langu.
Nikiviacha mwezi mzima bila kuvisugua
vinaanza kusema uongo.

Naitwa Amaro Lestón. Shule niliiona kwa mbali.
Nasugua ili namba ziseme kweli,
na zikishasema kweli zinaondoka
bila kuniaga.

Zamani hazikufika popote.
Zilichapwa, zikapigwa muhuri, zikalazwa kabatini
ghorofa ya tatu, ufunguo mfukoni mwa bwana mmoja
aliyetoka kula saa saba akarudi saa kumi.
Ukitaka kujua maji ya hori lako yana joto gani
uliandika barua: wewe nani, mwana wa nani, unazitakia nini.
Balbina, mchimba kome wa mchangani, aliandika.
Jibu lilimfikia baada ya miezi minne:
sababu yako haijatosheleza.

Miezi minne!
Sumu ilikuwa imekuja, imekula, imeaga,
na yeye amekwisha kuzika magunia thelathini
nyuma ya banda la kuku.

Siku hizi kabati halina mlango.
Kila dakika kumi: joto, chumvi, mkondo, rangi ya maji,
bure, hata kwa mwenye simu iliyopasuka kioo.
Balbina huchungulia kabla ya kuvaa buti.
Mvua kubwa ikishusha chumvi, anarudi kitandani;
kome wamejifunga,
na kiuno chake kina miaka hamsini na minane.

Mwalimu Iria huwapa watoto mawimbi ya jana
wayajumlishe, wayagawanye kwa saa.
Na yuko kijana wa bima mjini Coruña,
hajawahi kulowa hata kifundo cha mguu,
anapima dhoruba kwa namba nilizozisugua mimi
kisha anawapandishia bei binamu zangu.
Nilikasirika, wiki nzima nikalisusia boya.
Lakini mlango uliong'olewa haubagui nyayo.

Januari ile mashua ya akina Xurxo ilipinduka usiku.
Waokoaji hawakuuliza mtu ruhusa.
Walichukua mkondo wa boya saba, upepo wa boya tatu,
wakachora mstari juu ya giza,
wakaufuata mstari,
wakamkuta Xurxo hai, amekumbatia sanduku la samaki.
Fiz hawakumkuta.
Mstari haukukosea.
Bahari tu ilikuwa pana kuliko mstari.

Machi nilikutana na Dosinda, mama yake Fiz,
kwenye foleni ya mkate.
Hakunisalimu. Alisema:
"Leo ni kumi na tatu nukta mbili.
Jana ilikuwa kumi na mbili nukta tisa."
Nikanyamaza; sikujua anahesabu nini.
"Kila usiku naangalia kabla sijazima taa," akasema.
"Kumeanza kupata joto kidogo huko."
Akalipa, akachukua mkate wake, akatoka,
nami nikasahau nimekuja kununua nini.

Ofisini kuna fomu ya kila mwaka.
Inauliza: data hii inamfaa nani, na kwa faida gani?
Nafasi iliyoachwa ni mstari mmoja.
Niliandika uvuvi. Niliandika bima, shule, uokoaji,
nikabaki na kalamu hewani
mpaka wino ukadondoka, ukajiandikia wenyewe
doa dogo, jeusi, mwishoni mwa mstari.
Sikulifuta.

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na baridi ya kukata masikio.
Nilikisugua kihisi cha joto mara mbili.