Kapo in Bi

Wiki ya kwanza Trieste niliomba kapuchino
kwa sauti ya mzaliwa wa Napoli,
aliyeonja kahawa kabla ya kuota meno.
Nerina akaniletea kikombe cha ukubwa wa kidole gumba.
Sikulalamika. Nikainywa na aibu yangu, ingali moto.

Siku ya tatu akanihurumia, huku akifuta mashine:
hapa espreso ni nero, nyeusi, basi.
Ukiitia maziwa kidogo, kapo.
Kapo in bi, hiyo bi si bibi wa mtu,
ni bilauri.
Gocha ni tone la povu, moja tu, katikati.
"Na nikitaka kapuchino?"
"Omba kafelate."
"Na nikitaka kafelate?"
Akacheka. "Panda treni urudi kwenu."

Nilikariri kwenye lifti, gatini, kitandani.
Mwezi wa pili ulimi ukakubali.

Pasaka nikapanda treni kweli.
Nikaegemea kaunta ya mjomba Sabatino,
yeye aliyenishika siku ya ubatizo,
na bila kufikiri nikasema: "Kapo in bi."

Akaweka kitambaa chini.
"Karibu, mgeni. Umetokea wapi?"