Hesabu ya Matuta

Kutoka Mnazi Mmoja hadi kwetu Fuoni
ni maili tano. Mtaa wenyewe unajitaja, Meli Tano,
wala hakuna meli wala gati,
ni jiwe la maili tu, na halijulikani lilisimama wapi.
Robo saa, ukiipata njia.
Sigara mbili, kwa hesabu ya Ussi mwenye gari.

Lakini daktari kasema, "Asitikiswe."
Kasema mara moja, huku anaandika,
na neno lile nimelibeba siku tatu
kama sinia ya mayai.

Basi jana, baada ya alasiri, nikapanda vespa
nikenda kuipima njia,
penseli sikioni, daftari la mwanangu kifuani,
ukurasa wa nyuma, zilipokwisha hesabu za kugawanya.

Michenzani: laini. Shika kushoto mapema.
Kutoka hapo hadi Amani matuta manne,
moja limefutika rangi, linakuvizia kivulini
kama mdai.
Mwanakwerekwe, sokoni: matuta sita,
na la saba si tuta, ni bomba lililofukiwa vibaya.
Nimeliandika. Nyonga haitouliza jina lake.

Shemeji Vuai kasema, piteni Kiembesamaki,
ni mbali kidogo lakini lami yake ni hariri.
Vuai hajawahi kubeba mgonjwa, hubeba saruji.
Hata hivyo nikaifuata, Mazizini hadi Mombasa,
Mombasa yetu hii, isiyotaka boti,
nikahesabu ishirini na tatu, nikageuza.
Ile ya sokoni ina kumi na tisa.
Kumi na tisa, basi.

Siku nayo ina matuta yake.
Ijumaa barabara hujaa kanzu.
Jumamosi maharusi na honi zao.
Jumatatu skuli.
Na mvua ikinyesha usiku, Mwanakwerekwe huwa ziwa,
shimo na tuta hawajuani.
Jumapili, saa tatu na nusu, kama mbingu zitaridhia.

Ussi nimempa masharti:
gia ya pili, redio izimwe,
mito miwili ya sufi chini ya mguu wa kulia,
na asimpite mtu yeyote.
Hata gari la punda likitupita,
liache lipite, mwambie ahsante.

Leo jioni nimeingia wodini na daftari langu,
nikamsomea mama, tuta kwa tuta.
Kasikiliza kafumba macho,
kama anayesomewa wasia wa mtu mwengine.

"Kumi na tisa?"
"Kumi na tisa, mama."
"Na la ishirini?"
"Lipi?"
"La mlangoni kwetu."

Nimefunua kurasa, kana kwamba ningelikuta.

Kizingiti kile nimekijenga mimi, mwaka jana,
matofali mawili kwenda juu,
ili maji ya masika yasiingie ndani.
Na kweli, maji hayakuingia.
Yeye ndiye aliyetoka, alfajiri, na ndoo mkononi.

Hakusema zaidi. Kaomba maji ya kunywa,
kauliza kuku wamefungiwa saa ngapi.

Sasa ni saa tano za usiku.
Nyundo ya Machano, patasi yangu mwenyewe,
gunia la kuzuia kelele, nalo halizuii kitu.
Masika yako miezi miwili mbele,
hayo tutazungumza nayo yakija.
Nimeandika 20 chini ya safu, nikaipigia mstari,
nikaanza na tofali la juu.

Dirisha la jirani limefunguka.
"Nani huyo, usiku huu?"
"Mimi, Bi Mize. Lala."
"Unafanya nini?"
"Natengeneza barabara."