Komeo la Ndani

Fundi Mwachiro aliniuliza mara mbili:
"Dada, komeo ndani peke yake? Na nje je?"
Nje usiweke kitu, nikamwambia,
hata tundu la kufuli usitoboe.
Akacheka, akadhani ni ubahili,
akakaza skrubu nne, akadai mia mbili.
Sikumweleza ile nyumba ya Nyali,
milango yake ilivyokomewa.

Hiki ndicho chumba, huku Mikindani:
chokaa yabanduka, mlango wa buluu,
na friji ya mtumba inayokoroma usiku
kama mzee mwenye pumu.
Nauza barafu za ukwaju, kumi kumi.
Ijumaa, za ubuyu.

Kuokolewa kulichukua dakika ishirini.
Yaliyobaki ndiyo haya, mwaka wa saba sasa.

Mama alinipokea. Wallahi alinipokea,
akanichinjia kuku, akanifukizia udi.
Lakini kikombe changu kilikuwa na mahali pake,
kile chenye waridi, kikioshwa mwisho,
na wageni walipokuja hakikuonekana.
Sikumlaumu. Nilitoka Tiwi asubuhi
na kikombe changu mkobani.

Ofisini Tudor walinipa fomu:
*Umepona? Ndiyo. Hapana.*
Kalamu ikanikaukia mkononi.
Hapakuwa na kisanduku cha mtu
anayepona Jumatatu,
Jumatano kwenye foleni ya benki
akanusa manukato ya mwanamume aliye mbele yake
akatoka mbio, pochi akaiacha kaunta.

Na kesi ya Shanzu ingali ikiahirishwa.
Hakimu kahamishwa. Faili limepotea.
Faili limepatikana, karatasi tatu hazimo.
Shahidi ni mimi, na baibui ni lile lile.
Mkawasi, tuliyetolewa naye siku moja,
hapokei simu tangu Ramadhani.
Nampigia hata hivyo. Yaita, yaita,
nami nasimama na simu sikioni
nikimsimulia bei ya sukari.

Nililala na viatu muda mrefu.
Kisha na soksi. Kisha, sijui lini,
miguu ikajivulia yenyewe.

Basi juzi, joto la Machi,
stima ilikatika, ikarudi, ikakatika,
nikakaa mkekani ningoje barafu zigande.
Nikalala.
Mchana kweupe nikalala, mlango wazi,
komeo limerudishwa nyuma kama ulimi
wa mtu aliyemaliza kusema.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyoniamsha.
Moyo ulitangulia kusimama, mimi nikafuata.
Chumba kizima. Nguo zangu mwilini.
Sakafuni, nyayo ndogo za mchanga,
kuja na kurudi,
na matone ya maji hadi kizingitini.
Juu ya friji, shilingi kumi.

Ni Tsuma, wa mlango wa tatu.
Aliingia, akanitazama labda,
akachukua barafu moja, akalipa,
akafunga friji, akaenda zake.

Kulikuwa na pesa nyingine zamani
zilizowekwa mezani nikiwa nimelala.
Sikupata kuziona rangi.
Hii niliiokota, nikaigeuza huku na huku,
ikanata utamu wa vidole vyake.
Nilicheka peke yangu hadi Mama Nyevu
akagonga ukuta: "We! Kuna nini?"
"Nimeuza," nikamjibu.

Usiku nilifunga komeo kama kawaida.
Sijasema nimeacha.