Robota la Tatu

Mwezi wa kumi lori lilishusha marobota kwenye mlango wangu:
sita ya Miwani, sita ya Kofia,
na moja dogo la yule wa Tai.
Sisi hapa Katuba majina ya wakubwa tunayaachia redio.
Mtu tunamwita kwa alichovaa kwenye picha.

Mimi ni fundi. Cherehani yangu ina kanyagio bovu
na haina chama.

Wiki ya kwanza waliniagiza: Mama Sangwa,
uso wa Miwani uukalishe kifuani, katikati,
pua isipitiwe na mshono.
Nikapima, nikachora kwa chaki, nikakata.
Nikawa nakula bukari yangu na sombe
mbele ya macho themanini na sita yasiyopepesa.

Kisha ile sauti ikatoka.
Ilikuwa ya Miwani, au ya mtu aliyejifunza kukohoa kama Miwani,
anauza mlima wa shaba ambao haujaguswa na sururu,
na bei anaicheka.
Simu zote za soko la Kenya
(Kenya yetu, ya hapa hapa, nyuma ya reli)
zilicheka naye siku tatu.

Siku ya nne akaja Mama Ngoie, mke wa mwalimu,
gauni amelificha ndani ya mfuko wa unga:
"Fundi, huu uso unishushie kidogo."
Hadi wapi?
"Hadi pale nitakapoukalia."

Nikasema moyoni, basi, Miwani amekwisha.
Jioni hiyo hiyo Kabamba muuza makala,
ambaye sijawahi kumsikia akitaja uchaguzi,
aliniwekea noti nyeusi za vidole vyake mezani:
"Shati. Miwani, mgongo mzima.
Mwizi ni mwizi, Mama, sikatai,
lakini wanaompigia kelele
nimebeba magunia jikoni kwao, nimeona wanavyokula."

Ikafika zamu ya Kofia.
Walisema mama yake alivuka Kasumbalesa na mimba tumboni,
basi mtoto ni wa ng'ambo,
basi na kofia ni ya ng'ambo.
Wakaichora kwenye kuta, imevaliwa na nyani.

Nkambo wangu naye alivuka Kasumbalesa,
na mimba, na sufuria.
Mimba ile ilikuwa mama yangu.
Sikusema neno. Sindano iliingia kidoleni,
nikaendelea kushona.

Asubuhi Kofia alishuka bei, nusu kwa nusu.
Jioni madereva wa malori wakamnunua wote,
hata vipande, hata mkono usiokuwa na mwenzake,
wakawafungia watoto wao mgongoni kwa uso wake.

Sijui hesabu za wakubwa.
Najua tu kwamba tusi halikai mahali unapolitupa.
Nililipima kwa utepe wangu:
huku limepunguza kiuno, kule limeongeza bega.

Na yule wa Tai?
Yeye hakuiba, au hakuna aliyesikiliza mlangoni kwake.
Hakuna aliyejisumbua kuuliza alizaliwa na nani.
Robota lake halikukatwa hata kamba.
Paka alizalia juu yake, wanne,
wawili weusi.

Siku ya kura mvua ilipiga tangu alfajiri.
Nilisimama uwanjani shuleni, mfuko wa plastiki kichwani,
mbele yangu mgongo wa Miwani, nyuma yangu tumbo la Kofia,
na wote wawili walikuwa wanachuja rangi,
kijani inatiririka hadi kwenye viatu.

Nikarudi na kidole cheusi.
Gauni la komunyo la binti wa Mama Ngoie lilikuwa linangoja pindo,
jeupe, jeupe kabisa,
nikalishika kabla ya kukumbuka.

Nilikunja kitambaa mara mbili, doa likaingia ndani.
Matokeo yalikuwa hayajatoka Jumapili ile,
kila benchi linanong'ona idadi yake.
Mtoto akapita kuelekea altare, mikono imefumbana,
na mimi peke yangu, kanisa zima,
nilijua wino wangu umelala wapi.