Usiivute

Jiko limeanza kula kuni kama mgeni asiye na haya.
Magogo matatu ya lenga usiku, asubuhi majivu matupu,
na kwenye kioo cha mlango masizi yamejichora
ndevu, upande mmoja tu, wa bawaba.

Nikajaribu kwa karatasi, ulivyokuwa ukifanya, Hortensia:
risiti ya duka la Eleuterio, nikaibana mlangoni, nikavuta.
Ikatoka bila kusema neno.
Ufa wenyewe haufiki unene wa kucha,
lakini Juni yote ya Coyhaique inapita humo.

Hii ilikuwa kazi yako, ya Machi,
kabla mlima haujageuka mwekundu.
Mimi nilikuwa fundi wa vitu vikubwa:
paa, uzio, farasi mwenye hasira.
Wewe ukipiga magoti na bisibisi, ukisema
nyumba haiibiwi mlangoni, huibiwa ukingoni mwake.
Sikusikia. Nilikuwa nanoa shoka.

Leo nimeung'oa mlango, nimeulaza mezani
juu ya magazeti, kama mgonjwa.
Kamba ya zamani imetoka vipande vipande,
nyeusi, kavu, imebanwa bapa kama utepe,
yenyewe iliyokuwa nene na laini
kama mkia wa mwanakondoo.
Nimekwangua mfereji. Gundi ya miaka mingapi hii?
Brashi ya waya imenichuna vidole viwili.
Nimetukana. Paka ameomba kutoka nje.

Halafu, kwenye chuma, chini ya masizi,
mikwaruzo ya msumari. Nikavaa miwani.

2.15. Usiivute.

Basi. Mwandiko wako, ile tano yenye tumbo.

Na mimi nimenunua mita mbili kamili,
bahili wa kuzaliwa, nikaikaza kamba
pembe hadi pembe mpaka ikakonda,
nikajisifu kwamba imetosha.
Ingetosha, ndiyo, kwa moto wa kwanza.
Wa pili ingejikunja, irudi kwenye urefu wake,
iniachie pengo pale pale.

Nikavaa buti. Theluji ilifika magotini.
Eleuterio akapima mbili na nusu, akakata, hakuuliza kitu.
Nadhani alijua. Ulikuwa ukinunua kwake.

Safari hii nimeilaza tu, kwa kidole gumba,
taratibu, kama unavyomshusha kitandani
mtoto aliyesinzia begani.
Ncha mbili zimekutana chini, hazikugombana.
Kipande kilichobaki nimekitia kwenye kopo la vifungo vyako.
Kisha nimeufunga mlango, nikalala na koti,
jiko baridi usiku kucha ili gundi ishike,
mimi na paka na pumzi zetu nyeupe.

Asubuhi nikachukua risiti mpya,
nikaibana upande wa bawaba,
nikavuta.

Ikachanika.
Mkononi limebaki neno "kamba."
Bei imebaki mlangoni.