Pambizoni

Ukungu haujainuka bado Katumba,
nami nina dodoso la kurasa tisa,
mashine ya presha, vijiti vya kupimia sukari,
na barua ya chuo yenye mhuri.
Bibi Tupokigwe anaipokea barua, anainusa,
anaikunja mara nne,
anaitia kifuani zinakokaa hela za chai.
Basi. Ridhaa imepatikana.

Swali la kwanza: leo ni tarehe ngapi?
"Leo majani yamelowa," anasema,
"karani atakata kilo mbili za maji."
Naandika sifuri.

Chora saa, weka akrabu kwenye tatu kasorobo.
Kalamu anaishika kwa ncha za vidole,
anavyoshika majani mawili na chipukizi lake,
na hachori.
Hajawahi kuwa na saa.
Siku zake zilikatwa na king'ora cha kiwanda:
kimoja cha kuamka, kimoja cha kupima.
Nani aliileta saa kwenye karatasi hii?
Mimi. Niliitafsiri usiku mmoja kule Mbeya,
umeme umekatika,
nikajisifu kwa kulipata neno "akrabu".

Atuganile, mkwewe, amesimama na ndoo,
mtoto mgongoni.
Hajaulizwa kitu; zamu yake ni ukurasa wa nane.
Anasema hata hivyo, hamtazami mtu:
Usiku mama huamka kwenda kuchuma,
nimefunga kengele ya mbuzi kwenye komeo.
Dawa ya sindano iko kwenye chungu, ndani ya mchanga wa maji.
Kidonda cha mguu nakiosha asubuhi na jioni.
Majirani wanasema amerogwa,
mchungaji anasema tufunge,
Gwakisa yuko Tunduma, anatuma hela akikumbuka.
Hapo anacheka.
"Akikumbuka! Na yeye mpime basi."

Ukurasa wa nane:
mlezi hutumia saa ngapi kwa siku?
Anafikiri, anahamisha ndoo mkono wa pili.
"Nikilala, nalala sikio likiwa wazi.
Sikio nalo linahesabiwa?"
Nina shahada tatu. Sikujua.
Nikaandika ishirini na nne,
nikapigia mstari hadi karatasi ikatoboka.

Mwanzoni nilimpa bibi maneno matatu anitunzie:
jembe, kikombe, mlango.
Nilipoyadai alinitazama kwa huruma,
mtu anayedaiwa deni la marehemu.
"Mwanangu, ulinikopesha lini?"
Sifuri nyingine.

Nikamfunga mguu, nikasema ndaga,
nikatoka.
Mvua ikaanza, hii ya Rungwe isiyobisha hodi.
Nilikuwa nimeshaivuka migomba,
kila kiatu kimebeba kilo yake ya udongo,
nikasikia sauti kali nyuma yangu,
ya mchumaji anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba:

"Mlango!
We mtoto, mlango!"

Nikageuka. Nilikuwa nimeuacha wazi,
na baridi ilikuwa inaingia.

Dodoso halina kisanduku cha jibu lililochelewa,
wala cha jibu ambalo pengine ni amri tu
ya mwenye nyumba anayesikia baridi.
Nilirudi nikaufunga. Kengele ya mbuzi ikalia.
Kwa ndani nikamsikia Atuganile akishtuka, kisha akitulia.

Nikasimama chini ya upenu,
nikaandika pambizoni kwa penseli iliyolowa:
moja kati ya matatu.
Nikaongeza: labda.
Kisha nikaifuta labda.